Anayekata Mti Melbourne Hulipia Kivuli

Februari 7, 2009, joto la Melbourne, Australia, lilifika nyuzi 46.4. Siku chache kabla, jiji hilo lilikuwa limeungua siku tatu mfululizo kwa zaidi ya nyuzi 43, na katika jimbo zima la Victoria vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida vikakadiriwa kuwa 374. Wengi walikuwa wazee.

Jiji huwa na joto kuliko mashamba ya jirani kwa sababu lami na zege hunyonya jua mchana kutwa, kisha huliachia joto hilo usiku, wakati mwili unahitaji kupoa. Mti husaidia kwa njia mbili. Huizuia lami isipigwe jua. Tena huvuta maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ila mti wenye kiu hufunga vitundu vya majani yake, na kazi hiyo ya pili husimama. Melbourne iliyaona hayo katika ukame mrefu ulioanza 1997, pale miti yake mikongwe ilipoanza kudhoofika na kufa.

Mwaka 2012 halmashauri ya jiji ikapitisha mkakati wa kuongeza kivuli cha miti katika maeneo ya umma kutoka asilimia 22 hadi 40 ifikapo 2040. Spishi moja isizidi asilimia 5 ya miti yote, ili ugonjwa mmoja usiumalize mtaa mzima. Maji ya mvua nayo yakaanza kuvunwa na kurudishwa mizizini.

Kwangu mimi, nguvu yote imo kwenye kanuni ya ukataji. Mjenzi anayetaka mti wa umma uondolewe lazima aombe kibali, na akikubaliwa hulipa gharama za kuukata, thamani ya mti wenyewe na ya huduma zake kwa mazingira, pamoja na kupanda mwingine. Thamani hupanda kadiri shina linavyonenepa. Hapo mjenzi ana sababu ya kurudi kwenye mchoro na kusogeza geti ili mti ubaki. Kasoro ni kwamba miti mingi ya viwanja vya watu binafsi haina ulinzi wa namna hiyo.

Waheshimiwa madiwani wa miji yetu, kabla ya siku nyingine ya kupanda miche, tungeni kwanza sheria ndogo inayotaja bei ya kuangusha mwarobaini uliokwisha komaa.