Kilele cha Mberoshi

Huo mberoshi ulioupanda karibu na lango, ule tunaouita mti wa Krismasi, uangalie vizuri kabla ya Desemba. Kila mwaka watoto hukata kilele wakakipamba sebuleni. Nyumba hupendeza, sikatai. Lakini mti uliokatwa kilele huota vichwa viwili au vitatu, na ubao mrefu ulionyooka huupati tena. Hata tawi, ukilikata pasipobaki majani, halichipui.

Soma 1 Wafalme 6:15. Kuta za ndani za hekalu la Sulemani zilifunikwa kwa mwerezi. Sakafu, pale miguu ilipokanyaga, kwa mbao za mberoshi. Miti hiyo iliachwa ikue kwanza.

Krismasi hii upambeni mti ukiwa umesimama hapo hapo langoni, na majirani nao wauone.