Kipupwe cha Shimba: Yanayofaa Kujulikana Kabla ya Wikendi ya Kwanza Hemani

Mtu aliyekulia Tiwi, Waa au Ukunda hujua kwamba baridi ni mambo ya Limuru na Nyandarua. Blanketi nyumbani lipo, ila hukaa kabatini likingoja mgonjwa wa homa. Ndiyo maana familia nyingi za pwani zinapopanda Milima ya Shimba mwezi wa Julai au Agosti kwenda kulala hemani kwa mara ya kwanza, hubeba kofia za jua, nguo za kuogelea na shuka jepesi kwa kila mtu. Mchana hupita vizuri. Usiku wa manane mambo hugeuka: turubai limelowa umande, upepo wa kusi unapiga ubavu wa hema, watoto wamejikunyata, na mzazi anakumbuka jiko la makaa lililochemshia chai jioni. Lipo pale nje mlangoni, bado lina makaa mekundu. Kuliingiza ndani huonekana jambo la busara. Ni kosa linaloweza kuua watu wote waliomo hemani kabla ya alfajiri.

Makala haya yanawahusu wakazi wa aina mbili: wanaopanga kwenda kulala kambini msimu huu, na wenye mashamba ya Golini, Mkongani na Kubo Kusini wanaofikiria kusimamisha mahema mawili matatu ili kupokea wageni.

Hema linalozungumzwa hapa si lile dogo la kubebwa mgongoni. Ni hema kubwa la turubai ambalo mtu husimama wima ndani yake. Lina kitanda na godoro, taa ya sola, zulia, na mara nyingi bafu na choo kwa nyuma. Mgeni hupata starehe inayokaribia ya hoteli huku akisikia msitu. Kwa mwenye shamba, mtaji wake ni mdogo kuliko wa kujenga nyumba ya mawe, na likionekana limewekwa pabaya, linaweza kuhamishwa.

Kipupwe, yaani kati ya Juni na Agosti, ni wakati mzuri wa kwenda huko. Bahari huwa imechafuka kwa kusi, jua si kali, na msitu ungali kijani baada ya masika. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Shimba, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, ndiyo makao ya palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma ambaye nchini Kenya haonekani porini mahali pengine. Kuna Maporomoko ya Sheldrick, ambayo hufikiwa kwa miguu, wageni wakiongozwa na askari wa wanyamapori. Upande wa kaskazini ipo Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 wakati wenyeji walipokubali kutoa mashamba yao ili ndovu wapate mahali pa kupita na kuishi, nao wagawane mapato ya utalii. Ni mfano ambao wakazi wa kaunti hii wana haki ya kujivunia, ingawa wengi wao hawajawahi kuuona.

Kuhusu baridi yenyewe, hesabu yake si ngumu. Mjini Mombasa, joto la mchana hufika takriban nyuzi 33 mwezi wa Machi, na hushuka hadi karibu 28 mwezi wa Julai. Usiku wa Julai huwa karibu nyuzi 20. Milima ya Shimba imeinuka kufikia takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hewa hupoa kwa karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hivyo juu kule usiku hupungua nyuzi mbili au tatu zaidi. Kwa mtu wa Kericho hiyo si baridi ya kusimulia. Lakini kusi huja na unyevu wa bahari, hugonga vilima hivi, na kuacha ukungu na manyunyu hadi asubuhi. Nguo iliyolowa, hata kidogo tu, haihifadhi joto, na mwili usiozoea huhisi baridi kali kuliko kipimajoto kinavyosema.

Hema nalo lina tabia zake. Watu wanne wanaolala ndani hupumua mvuke usiku kucha. Mvuke huo ukikutana na turubai lililopoa hugeuka matone, hutiririka na kulowesha godoro. Anayefunga kila tundu ili kuzuia baridi huamka akiwa amelowa, na kwa hiyo ana baridi zaidi. Dirisha la juu upande usio na upepo liachwe wazi kidogo usiku wote.

Hapa ndipo hatari ya jiko huanzia, kwa sababu mahema haya huzuia hewa kuliko watu wanavyodhani. Turubai la pamba likilowa, nyuzi zake hufura na matundu madogo huziba. Turubai lililopakwa plastiki halipitishi hewa hata likiwa kavu.

Makaa yanapowaka penye hewa haba hayaungui kikamilifu, na hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala kukohoza. Ikivutwa, huingia katika damu na kushika nafasi ambayo oksijeni ingeshika, maana damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshikamana na oksijeni. Ubongo na moyo hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliyelala hazisikii. Aliye macho huziona kama uchovu wa safari, akajilaza.

Imani kadhaa huwaponza watu. Ya kwanza ni kwamba hatari ni moshi, hivyo makaa yaliyoiva na kuacha kufuka ni salama. Ukweli ni kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi, na yanaendelea kuitoa hata yanapofunikwa na majivu. Ya pili ni kwamba sufuria ya maji kando ya jiko hunyonya sumu. Maji hayafanyi kazi hiyo. Ya tatu ni kwamba kufungua zipu ya mlango kidogo kunatosha. Tundu linalotosha kuondoa mvuke wa pumzi halitoshi kuondoa gesi ya jiko. Jiko la gesi na la mafuta ya taa yana hatari hiyo hiyo, na jenereta iliyowekwa karibu na hema huweza kusukumiwa moshi wake ndani na upepo. Kuna pia moto wenyewe: turubai, neti na blanketi hushika haraka, na hema zima huweza kuteketea kwa dakika chache.

Mtu akiamka na kichwa kinachouma ndani ya hema lililokuwa na moto, asingoje. Awaamshe wote, watoke nje kwenye hewa safi, kisha waombe msaada kupitia nambari 999 au 112 na kufika hospitalini hata kama wameanza kujihisi nafuu. Mhudumu wa afya aelezwe waziwazi kwamba kulikuwa na jiko, kwa sababu tiba ya kwanza ni oksijeni na dalili zake hufanana na za malaria au za chakula kibaya. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo hudhurika mapema zaidi.

Joto la usalama lipo, na ni la bei nafuu. Ardhi ndiyo mwizi mkubwa wa joto, kwa hiyo blanketi moja chini ya mgonjwa wa baridi humfaa kuliko mawili juu yake. Asiye na kitanda atandike mkeka, juu yake blanketi, kisha godoro. Kila mtu awe na nguo za kulalia ambazo hazikuvaliwa mchana, kwa kuwa za mchana zina jasho. Soksi na kofia ya sufu, ambazo wengi huona haya kuzibeba pwani, husaidia sana. Mpira wa maji moto, uliofungwa vizuri na kuviringishwa kwa taulo, hukaa na joto kwa saa kadhaa. Moto wa kuni uotwe nje, mahali palipotengwa, mbali na mahema na upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye turubai, kisha uzimwe kwa maji kabla ya kulala. Ndani ya hema taa ziwe za sola au za betri.

Mwenye shamba ana nafasi ya kuondoa sehemu kubwa ya tatizo kabla mgeni hajafika. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, basi mgongo wa hema uelekezwe huko na mlango utazame kaskazini-magharibi. Bondeni kunavutia kwa kuonekana pamejikinga, lakini hewa baridi na maji ya mvua huteremkia huko huko. Mteremko mdogo wenye mfereji kuzunguka hema ni bora. Chini ya mnazi hakuna mahali pa hema hata kidogo, na mwembe au mkorosho wenye matawi makavu uepukwe wakati huu wa upepo. Choo cha shimo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Kila kitanda kiwe na blanketi mbili nzito na neti iliyotiwa dawa, kwa sababu mbu wa madimbwi ya masika hawaondoki kwa kuwa hewa imepoa. Sheria ya kutoingiza jiko ndani ielezwe kwa mdomo mgeni anapopokelewa, na mlinzi wa usiku awe na blanketi za akiba. Mgeni anayejua kwamba blanketi ipo hatafuti jiko.

Kwenye mashamba yaliyo karibu na hifadhi, matunda na vyakula vyenye harufu visiwekwe hemani. Pua ya ndovu hainyimwi embe na kipande cha turubai. Usiku hakuna kutembea kwenda chooni bila tochi, na penye njia ya ndovu hakuna kutembea bila mlinzi.

Kisheria, hema la kulipia ni mahali pa malazi kama hoteli. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inaziweka kambi za mahema, za kudumu na za muda, chini ya leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Juu ya hiyo kuna kibali cha biashara cha kaunti, vyeti vya afya vya wanaoshughulikia chakula, na ukaguzi wa usalama wa moto. Anayekusudia kujenga karibu na msitu au mto aulize kwanza NEMA kuhusu tathmini ya mazingira, kabla ya kumwita fundi. Mwenye mahema mawili huona mlolongo huu kuwa mrefu, na ni kweli unachukua muda, hivyo inafaa kuanza mwezi wa Februari au Machi ikiwa wageni wanatarajiwa Julai. Afisa wa afya ya umma anaweza kuombwa kutazama eneo mapema. Kumhamisha kwenye ramani mtu asiyejenga bado hakugharimu kitu.

Kwa wanaosafiri, ada za kuingia hifadhini hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni, na ni vyema kulipa kabla ya kuondoka nyumbani kwa kuwa mtandao wa simu hupotea sehemu fulani za msitu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi: maji yabebwe kwa chupa za kudumu, na sahani na vijiko viwe vya kuoshwa. Wanaotoka Mombasa kupitia kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu wapange kufika kambini kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza huingia upesi chini ya miti, na kitanda hutandikwa vizuri zaidi kukiwa bado kuna mwanga.