Kabla Mti Haujaanguka

Kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia msumeno, tazama juu. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwa vijana wanaopasua mbao katika misitu ya Opala, na ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote kuzoeleka, kwa sababu macho ya fundi huvutwa na shina. Anaiona mbao iliyomo ndani yake, anahesabu vipande, anakumbuka deni la mafuta. Kinachoweza kumuua kiko mita 30 juu ya kichwa chake.

Opala iko kando ya mto Lomami, kusini-magharibi mwa Kisangani. Mbao zinazopasuliwa huko kwa msumeno wa mnyororo hubebwa begani kutoka msituni. Zile zinazopita majini huteremka Lomami hadi Isangi, mto huo unapoingia katika mto Kongo, ndipo zipandishwe Kisangani. Huko msituni hakuna kiwanda, hakuna geti, hakuna kibao cha tahadhari. Hata hivyo ni mahali pa kazi, na kanuni za usalama zinazofundishwa viwandani zinafanya kazi huko vilevile.

Watu wengi huijua hatari siku inapouma. Kijana akiangukiwa na tawi, msibani utasikia kwamba siku yake ilifika, au kwamba yupo aliyemwonea kijicho. Sibishani na mfiwa. Ila tawi lile lilikuwa limekauka siku nyingi, limenasa katikati ya matawi mabichi, na yeyote ambaye angeinua uso angeliona.

Katika taaluma yetu ya usalama kazini, tawi hilo tunaliita kihatarishi: kitu chenye uwezo wa kudhuru, hata kama hakijamgusa mtu. Ukubwa wa hatari hupimwa kwa maswali mawili. Kuna uwezekano gani wa kumpata mtu? Na likimpata, litamfanya nini? Tawi kavu mahali pasipopita mtu halitusumbui sana. Tawi hilohilo juu ya msaidizi aliyeketi kula kwanga ni jambo la kusimamisha kazi.

Basi uzunguke mti wote kabla ya kuugusa. Angalia umeinamia wapi, kama shina limeoza au lina uwazi ndani, upepo unatoka upande gani. Halafu fuata kwa macho zile kamba za msituni zinazotambaa kutoka mti hadi mti. Mimi naziogopa kuliko msumeno wenyewe. Mti unapoanguka huku umefungwa na jirani zake, huweza kugeuka upande ambao hakuna aliyeutarajia, au ukavunja kilele cha mti mwingine na kukishusha juu ya fundi. Kamba hizo hukatwa kwanza, na njia mbili za kukimbilia husafishwa kwa panga, zikielekea nyuma kwa mshazari, kinyume na upande wa kuangukia. Asiye na kazi pale akae umbali wa urefu wa mti mara mbili: mti wa mita 40, yeye mita 80.

Na wakati wa kukata, usimalize shina lote. Ule ukanda wa mti usiokatwa, kati ya mkato wa mbele na ule wa nyuma, ndio bawaba inayouongoza mti kama mlango. Unene wake uwe takriban sehemu ya kumi ya kipenyo. Shina la sentimita 80 linabakiziwa sentimita 8. Ukiikata bawaba, mti hauna tena wa kuuongoza.

Msumeno nao una tabia yake. Pembe ya juu ya ncha ya lile bapa la chuma ikigusa mti mnyororo ukiwa unazunguka, mashine yote huruka nyuma kuelekea uso au shingo ya aliyeishika, kabla hajapata hata muda wa kushtuka. Misumeno ya kisasa ina breki ya kuuzuia mnyororo wakati huo. Mingi ya zamani haina, na mingine breki ilivunjika ikatupwa kwa sababu mashine "inawaka tu." Kuwaka si kipimo cha uzima.

Wengi wakisikia usalama kazini hukimbilia kofia ngumu na buti. Mimi huviweka mwisho, na hapo wanafunzi hushangaa. Bora ni kukiondoa kihatarishi kabisa: mti uliooza uachwe, kuna mingine. Kisichoondoka, kibadilishe au kizuie, kama kwa msumeno wenye breki. Kisha panga kazi: nani asimame wapi, ishara gani ya mkono ina maana gani, mashine izimwe na ipoe kabla ya kujazwa mafuta. Vifaa kinga vinakuja baada ya hayo yote, kwa kile kilichobaki. Kofia haizuii gogo la tani mbili.

Sitaki kueleweka kwamba havina maana. Viziba masikio, kwa mfano, ni vya lazima, kwa kuwa mlio wa msumeno hupita desibeli 100 na huua usikivu polepole. Mtikisiko hudhoofisha mishipa ya vidole, vumbi la mbao hukaa mapafuni. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na kazi, na walio wengi huuawa na magonjwa, si ajali.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri wajibu wa usalama. Lakini katika kundi la wapasuaji, mwajiri ni nani? Mmoja ana mashine, mwingine katoa pesa ya mafuta, fundi analipwa kwa vipande, msaidizi analipwa na fundi. Likitokea la kutokea, kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole. Kwa hiyo nawasihi wakubaliane kabla ya kuingia msituni, kwa maneno ya wazi: yeyote katika kundi, hata msaidizi mdogo kuliko wote, akisema "simama," mashine inazimwa.

Na wajibu swali moja la mwisho wangali kijijini: mtu akikatwa paja saa nne asubuhi, atafikaje hospitali? Kitambaa safi cha kukandamizia jeraha kiwe kwenye mfuko wa fundi, si kambini. Wanaojua njia ya kumbebea wawe wamechaguliwa. Na kama ni safari ya mto, pirogi iwe imefungwa kwenye gati ikiwa na injini yake, na dumu la mafuta ambalo msumeno hauruhusiwi kuligusa.