Kuskusi ya Ijumaa haitaki haraka

Ramadhani iliyopita tuliletewa msikitini sadaka ya kuskusi ya pakiti. Sisi wanakamati tuliimwagia maji ya moto sufuriani, tukaisonga kama ugali, na kilichotoka hakikuwa ugali wala wali. Waliokuja kufuturu walionja kwa heshima, kisha wakarudi kwenye tende. Kingi kilimwagwa, na israfu ile ilituuma. Ndipo tukaazimia kujifunza namna wenyewe, watu wa Afrika ya Kaskazini, wanavyoitengeneza.

Kuskusi si nafaka ivunwayo. Hutokana na unga wa chengachenga wa ngano ngumu, ambao madukani kwetu huitwa semolina au suji. Mama wa Kimoroko huuweka katika sinia pana, akanyunyiza maji ya chumvi kwa ncha za vidole, kisha akapitisha viganja vilivyokunjuliwa kwa kuzungusha, pasi na kukandamiza. Huongeza unga laini kidogo na kuzungusha tena, mpaka zipatikane chembe, kila moja peke yake. Huzichekecha, zilizo ndogo mno hurudi siniani. Maji yakizidi, umepata donge la chapati.

Kazi hii huchosha mabega, na ndiyo sababu wanawake wa huko hukusanyika, majirani na mashangazi, wakatengeneza nyingi kwa pamoja na kuianika juani iwe akiba. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza elimu ya kuskusi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Aljeria, Moritania, Moroko na Tunisia. Aljeria na Moroko hazipatani katika mengi, lakini katika sinia hili zilipatana.

Mchuzi hutangulia motoni. Kilo moja ya nyama ya kondoo au ng'ombe, yenye mifupa, hukaangwa kwa vitunguu, tangawizi, manjano, pilipili manga na kijiti cha mdalasini. Hutiwa dengu zilizolowekwa usiku kucha na maji mengi, ikachemka polepole kiasi cha saa mbili. Karoti, boga na kabichi hufuata mwishoni. Juu ya chungu hukaa chombo chenye vitundu, na chembe huiva kwa mvuke wa mchuzi huo huo. Asiye nacho atumie chujio la chuma linaloenea mdomo wa sufuria, azibe upenyo kwa kitambaa kibichi.

Mvuke ukishatokeza juu, hesabu dakika 15 hadi 20. Mimina siniani, vunja mabonge, nyunyiza maji na mafuta, urudishe. Hufanywa hivyo mara tatu, na ya mwisho hutiwa samli. Hatutawaficha: mara ya kwanza tuliruka mvuke wa pili, na chembe zikabaki na ubichi.

Kule Moroko siku yake ni Ijumaa, baada ya swala. Sinia huwa moja, nyama juu, mboga kandoni, kila mmoja akila upande unaomwelekea, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfunza kijana Umar bin Abi Salama. Wako wanaotenga sahani ya masikini kabla ya kuketi.

Mwezi huu vijana wetu watatu wa kiume waliketi sakafuni tangu alfajiri wakizungusha unga, mama zetu wakiwaelekeza na kuwacheka. Baada ya swala ya Ijumaa zilitoka sinia nne. Zote nne zilirudi tupu.