Hatari za Kupeleka Mayai ya Kuangua kwa Posta
Huko Marekani, ambako posta imekuwa ikichukua vifaranga wa siku moja tangu mwaka 1918, wafugaji hupelekeana pia mayai ya kuangua. Na ilhali kifaranga aliyekwisha kutoka yaini huwa na akiba ya kiini tumboni ya kumlisha njiani, yai halina himaya ila ganda lake. Likitikiswa mno safarini, kifuko cha hewa kilicho upande wake mnene hubanduka, na kiinitete kikadhoofika au kufa. Likipata joto la zaidi ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi, uhai huanza kukua kabla ya wakati wake, kisha likipoa hukatika. Na likikawia kupita siku saba tangu litagwe, matumaini hupungua kila kukicha. Aidha, maradhi kama pulorumu na mikoplasma hutoka kwa mama yakaingia yaini, pasi na alama yoyote juu ya ganda.

Kwa hiyo nawanasihi wafugaji: nunueni kwa mwenye kundi lililopimwa maradhi, na mayai yakiwasili, yawekeni ncha zikielekea chini, yatulie usiku kucha kabla ya kutiwa katika mashine ya kuangulia, kwani kila yai limebeba uhai tuliokabidhiwa kwa amana.