Shokapu za Altezza: umri wa spea hauandikwi popote

Toyota Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Kwa hiyo kila moja inayopita Mwenge au Mbagala jijini Dar es Salaam leo ni gari la kizazi kilichopita, na shokapu zilizokuja nalo kutoka Japani, kama bado zimo, hazifanyi kazi yoyote ya maana. Vijana waliolipenda wakiwa shuleni sasa wana mishahara na wanalinunua kwa mtu wa tatu au wa nne. Fedha ya kwanza inayowatoka baada ya kukabidhiwa funguo huishia chini ya gari: shokapu, springi, bushi na boljointi.

Hiyo ndiyo biashara inayowaweka mjini wauzaji wengi wa Gerezani na Shauri Moyo, na imelindwa na kitu ambacho hakikukusudiwa kuilinda. Ofisa mmoja wa masuala ya forodha, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, anapenda kurudia takwimu mbili. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 linapoingia nchini hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likizidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Huu unakuja juu ya ushuru mwingine na VAT ya asilimia 18. Kwa maelezo yake, viwango hivyo vinapunguza vyuma chakavu barabarani na kuwasukuma wananchi kwenye magari mapya zaidi. Aliieleza hesabu hiyo kwa uhakika wa mtu anayeiona ikifanya kazi kwenye makaratasi.

Barabarani mambo hayaendi hivyo. Anayeshindwa kulipa asilimia 30 kwa Altezza nyingine haendi kununua gari jipya, bali anaifufua aliyonayo. Muuzaji mmoja wa spea mwenye umri wa makamo, ambaye kibanda chake kimejaa shokapu zilizopangwa kama kuni, anasema wateja wake wakubwa ni hao hao ambao ushuru ulitarajiwa kuwaondoa. Mimi nadhani yuko sahihi, ingawa naye ana maslahi katika jibu lake. Kodi inapima mwaka wa kutengenezwa gari zima. Shokapu ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa vipande, iwe Japani au Sharjah, haina hati ya mwaka wake. Imeoshwa, imepuliziwa rangi nyeusi, basi.

Hapo ndipo mnunuzi anapoachwa peke yake. Bei hatajiwi mpaka aulizwe gari liko wapi na linaendeshwa na nani. Akishafika kaunta, maneno ni yale yale: "Bosi, hii ni mtumba wa Japani, haijawahi kuona vumbi." Nimesimama Shauri Moyo nikimwangalia fundi mzee akizikagua shokapu nne alizoletewa na kijana mwenye Altezza ya RS200. Hakuangalia rangi. Aliipandisha kila moja wima juu ya ubao, akaukandamiza mhimili wake kwa kiganja hadi mwisho, akauachia na kusubiri. Mbili zilipanda zenyewe polepole, dalili kwamba gesi bado imo. Ya tatu ilibaki chini. Ya nne ilipanda, lakini alipoupitishia mhimili ukucha ulikwaruza kwenye vitundu vya kutu vyembamba kama chunusi. "Hii inapumua leo," alisema, "wiki ya pili itakuwa inatema mafuta." Kutu ya namna hiyo hukata sili kila mhimili unapoingia na kutoka. Kijana alichukua mbili nzuri. Ikaja kubainika kwamba moja ni ya mbele na nyingine ya nyuma, akazirudisha zote, maana shokapu hubadilishwa kwa jozi ya ekseli moja. Ukiweka upande mmoja mpya na mwingine mchovu, gari litakuvuta kila unapofunga breki.

Mpya nazo zina shida yake, na muuzaji wetu wa makamo alitumia muda mrefu zaidi hapa kuliko mahali pengine popote. Malalamiko yake ni kwamba analeta shokapu halisi kwa njia halali, analipa kila kinachotakiwa na kutoa risiti, huku mita chache kutoka mlangoni kwake mtu anauza boksi lenye rangi zile zile na maandishi yale yale kwa bei ambayo yeye hawezi hata kununulia. Mteja akiyaweka maboksi mawili pamoja haoni tofauti. Tofauti iko ndani, kwenye vali ndogo zinazoyabana mafuta pistoni inaposhuka na kupanda, na hakuna anayeipasua shokapu dukani. Ofisa anasema ukaguzi wa ubora umelibana tatizo hilo. Nilipomuuliza umelibana kwa kiasi gani, alirudi kwenye asilimia zake za uchakavu. Kwa muuzaji, jibu hilo ni sawa na kutojibiwa, na mimi sikupata cha kumpinga nacho.

Kuhusu uteuzi wenyewe, kosa linalorudiwa zaidi ni kuagiza "shokapu za Altezza" kana kwamba Altezza ni gari moja. Kibati kilichomo ndani ya boneti ndicho chenye neno la mwisho. GXE10 ni AS200 yenye injini ya silinda sita, SXE10 ni RS200 yenye silinda nne. Gita, ile yenye buti ndefu, uzito wake wa nyuma si wa sedani. Mzigo unaotoka Uarabuni mara nyingi umeng'olewa kwenye ndugu yake aliyeuzwa kwa jina la Lexus IS, na baadhi ya hao walibeba injini ya lita 3.0, nzito zaidi puani. Springi ya mbele ya gari hilo itaingia kwenye Altezza yako bila kubishana, kisha gari litasimama likiwa limenyanyua pua.

Halafu kuna springi za kukata, ambazo naziandikia kwa uchungu. Kijana anataka gari likae chini, fundi anashika grainda na kuondoa duara moja. Wengi wanaamini wamelishusha gari tu. Springi yenye maduara sita yanayofanya kazi ikibaki na matano inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, huku shokapu ikiwa ile ile na nafasi yake ya kusafiri imepungua. Tuta la kwanza la Sinza linaigonga raba ya kuzuia, la pili linaigonga tena, na shokapu mpya ya bei ghali inakufa kabla ya mwaka. Seti za kupandisha na kushusha kwa skrubu, zinazoletwa siku hizi kutoka Asia zikiwa na springi zilizoandikwa namba kama 8 au 10, zina hatari ya aina hiyo. Namba hiyo ni kilo zinazohitajika kuibana springi milimita moja. Kwenye uwanja wa mashindano ni sifa, lakini kwenye barabara ya mtaani yenye mashimo ni adhabu kwa mgongo na kwa bodi.

Kuna jambo moja dogo ambalo mafundi wazuri hulifanya na wengine hawalijui. Boliti za bushi hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, raba hubaki imejisokota siku zote na kuchanika mapema. Mwenye gari huamini ameuziwa shokapu mbovu, muuzaji hulaumiwa, na jozi nyingine hununuliwa. Boljointi ya chini ya mbele iliyokwisha nayo hugonga kwa sauti inayofanana kabisa na ya shokapu. Sehemu ya mauzo ya Gerezani, naamini, ni shokapu ambazo hazikuhitaji kubadilishwa.

Mbele ya safari sioni dalili ya biashara hii kudorora karibuni, ila mtumba mzuri unazidi kuwa adimu kwa sababu magari ya kukatwa vipande nayo yanaisha. Kama kiwango cha uchakavu kitabaki kilivyo, wanaozihudumia Altezza huenda wakaongezeka kabla ya kupungua. Shilingi ikiyumba, bei ya mpya itayumba nayo. Muuzaji anatabiri kwamba bandia zitaziba pengo, ofisa anatabiri kwamba hazitapata nafasi. Kati ya hao wawili, ninayemwona kila siku akirudishiwa bidhaa mkononi ni muuzaji.

Wewe unayekwenda Kariakoo Jumamosi hii, piga picha kibati cha gari lako kabla ya kutoka nyumbani. Nunua jozi ya ekseli moja, dai risiti yenye namba ya spea, na mwambie fundi akaze bushi gari likiwa chini.