Mtaji ni Watu

Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi wetu tukimaliza shule tutataka kufungua biashara hapa Komarock. Je, tutaanzia wapi?

Tazameni Equity. Ilianzia Kangema mwaka wa 1984, ikawa taabani kifedha 1993, ikasimama tena kwa kuwafuata wenye akiba ndogo ndogo. Mwaka wa 2004 ikawa benki.

Basi, kwanza, undeni chama, mchange kidogo kidogo. Pili, mwenye kibanda jirani si adui. Ukiishiwa na unga mtume mteja kwake, kesho naye atakuletea wake. Tatu, andika kila shilingi, hata ya rafiki. Deni lisiloandikwa huua biashara, na urafiki pia.

Shime, wenzangu!